"HAUMI", LAKINI TUTALALA LINI?

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu mnafuga mbwa, au mnakaa karibu na mwenye kumfuga, tafadhali usikimbilie ukurasa wa mashairi kwanza. Kaa nami hapa kidogo. Najua wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili mwaka huu wameandika mambo makubwa makubwa: ufisadi, dawa za kulevya, ndoa za mapema. Mimi nimechagua mbwa. Mhariri wetu aliponiuliza mada yangu nikamtajia, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mbwa? Yaani wewe utatuandikia juu ya mbwa?" Nikamwambia ndiyo, mbwa, tena mbwa anayebweka usiku. Nawe ukitaka kucheka, cheka sasa, maana huko mbele hakuchekeshi sana.

Maoni yangu nayatoa mapema ili asiyekubaliana nami ajue mahali pa kunikamatia. Mbwa anayebweka usiku kucha hana kosa. Mwenye kosa ni yule aliyemfunga, akamwacha, kisha akajifunika blanketi. Na kelele ile si jambo dogo la kuvumiliwa eti kwa sababu ya ujirani mwema. Ni dhuluma kwa jirani, na ni dhuluma kwa mbwa mwenyewe.

Nianzie Naivasha.

Likizo ya Agosti mwaka jana, Klabu ya Wanyamapori ya shule yetu ilikwenda kupiga kambi kando ya Ziwa Naivasha. Tulikuwa wanafunzi 22 na walimu wawili. Sisi ni shule ya kutwa, na wengi wetu tulikuwa hatujawahi kulala mahali pengine ila nyumbani au kwa nyanya. Kwa hivyo safari ile haikuwa mchezo. Tuliichangia muhula mzima. Kuna mwenzetu aliyeuza njugu karanga kila mapumziko mpaka akafikisha nauli. Mpango ulikuwa tuamke saa kumi na moja alfajiri, tunywe chai, tukodi baiskeli, na tuwe langoni pa Hell's Gate saa kumi na mbili kabla jua halijawa kali. Hell's Gate ni mojawapo ya mbuga chache za taifa hapa nchini ambamo mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya punda milia na swara.

Kambi yenyewe ilikuwa nzuri ajabu. Migunga mirefu, nyasi fupi, na upande wa ziwani uzio wa waya wenye umeme ili viboko wasiingie. Kiboko hushinda majini mchana kutwa na usiku hutoka kwenda kula nyasi. Mwalimu wetu alituambia kwamba tukitulia tutawasikia wakitafuna. Kumsikia kiboko akitafuna hatua chache kutoka kwenye hema lako! Hilo ndilo nililolingojea kuliko hata hiyo Hell's Gate.

Saa kumi na moja jioni yakaingia magari mawili. Watu wazima wanne, watoto watatu, na mbwa mmoja mkubwa, mweusi kama makaa. Watu wenyewe walikuwa wakarimu, watoto wao hata walitugawia biskuti. Mbwa naye alikuja kutunusa huku akitikisa mkia, na wale wenzetu waoga wakapanda juu ya meza. Matata yalianza saa moja na nusu. Wale watu walimfunga mbwa wao kwenye shina la mti kwa mnyororo usiozidi mita mbili, wakamwachia bakuli la maji, wakaingia katika gari moja na kwenda kula mkahawani.

Mbwa akaona gari linaondoka. Kwanza alilia kidogo, kama mtoto aliyeachwa chekechea siku ya kwanza. Halafu akaanza kubweka. Hebu fikiria. Mahali pageni, giza geni, harufu ya kiboko ambayo pua yake haijapata kuinusa, mabwana zake wamekwenda, na shingo imefungwa. Wewe ungefanya nini? Alibweka saa mbili, akabweka saa tatu. Mbwa wa mashamba ya karibu wakaanza kumjibu, naye akawajibu hao. Viboko, kama walikuja, sisi hatukuwasikia. Saa nne na nusu wenyewe wakarudi, tukamshukuru Mungu. Wapi! Walimtupia mifupa, wakaingia hemani, wakafunga zipu. Yeye akabaki nje, akaendelea pale alipoachia.

Kama saa sita hivi mwalimu wetu alitoka na tochi. Tulimsikia sote, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amelala. "Hodi, bwana. Samahani kwa kukusumbua usiku. Nina watoto hapa, na huyu mbwa wako..." Sauti ikamjibu kutoka ndani ya hema, sauti ya mtu mwenye usingizi mzito:

"Usijali, mwalimu. Haumi."

Haumi! Ni nani aliyeuliza kama anauma?

Tangu siku hiyo nimelisikiliza jibu hilo kila niendapo, na nimegundua ndilo jibu la wenye mbwa karibu wote. Ukiwaambia mbwa wao amemkimbiza mtoto wa shule, haumi. Ukiwaambia ameingia jikoni mwa watu, haumi. Ukiwaambia umekesha na kesho una mtihani wa hesabu, haumi. Mtu anakueleza habari za masikio yako, naye anakujibu habari za meno ya mbwa wake.

Saa nane usiku yule mnyama akachoka, nasi tukapata saa tatu za usingizi. Kati ya wanafunzi 22, tisa tu ndio walioamka kwa wakati. Tulifika langoni saa tatu, jua limeshapanda. Mmoja wetu alisinzia juu ya baiskeli, akaanguka na kuchubuka goti. Njiani kurudi Nakuru, basi zima lilikuwa likiwalaani wale watu, na mimi ndiye niliyekuwa na mdomo mkubwa kupita wote. Nilisimama katikati ya basi nikatangaza kwamba watu wa aina ile hawafai kupewa hata kuku. Wenzangu wakanipigia makofi.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Usiku huohuo nilijitupa kitandani nimechoka tiki. Sijafumba jicho, nikasikia mbwa anabweka. Nikageuka upande wa ukuta. Akabweka. Nikavuta shuka kichwani. Akabweka. Ndipo nikatambua kwamba mbwa mwenyewe yuko chini ya dirisha letu. Alikuwa ni Simba. Alikuwa ni mbwa wetu.

Nadhani alikuwa akibweka hivyo kila usiku kwa miaka minne. Sisi tulikuwa tumemzoea kama mtu anavyoizoea saa ya ukutani.

Simba alikuja kwetu nikiwa darasa la sita, baada ya wezi kuvunja duka la jirani. Baba alimleta ndani ya katoni ya sabuni. Wiki ya kwanza alilala jikoni na sote tulimpenda. Alipokua, akafungwa nyuma ya nyumba kwenye kigingi, kando ya ukuta tunaopakana na jirani yetu mmoja, mama mwuguzi ambaye mtaa mzima tunamwita Sista. Mnyororo wake, niliupima baadaye, ulikuwa na urefu wa mita moja na nusu. Katika mita hizo moja na nusu alikula, alilala na kujisaidia. Hakufunguliwa, kwa sababu eti mbwa akizoea watu hawi mkali. Kulishwa alilishwa, ugali na masalio ya mboga, lakini siku ambazo hakuna kilichobaki, hakuna kilichobaki.

Februari mwaka jana Sista alikuja nyumbani. Mimi ndiye niliyeleta chai, kwa hivyo niliyasikia yote. Alisema, "Jirani, sikuja kwa ubaya. Mimi wiki hii naingia kazini usiku, na mchana ndio nijaribu kulala. Mbwa wenu anabwekea mwuza maziwa, anabwekea mkokoteni, anabwekea watoto wa mpira. Jana usiku kazini nilisoma kadi ya mgonjwa mara tatu ndipo nikaielewa." Baba alimsikiliza vizuri, akamwongezea chai, kisha akasema: "Sista, wala usiwe na wasiwasi na huyo. Huyo haumi mtu, ni kelele tu."

Mimi nilikuwepo. Niliona jibu hilo ni sawa kabisa.

Kuna watakaoniambia, na katika mjadala wa chama walikwisha niambia, kwamba mbwa ameumbwa abweke. "Ulitaka aimbe?" aliuliza mwenzangu mmoja wa kidato cha nne, watu wakacheka. Tena wakasema mtaani kuna wezi na mbwa asiyebweka ni hasara. Hoja hiyo ni ya kweli, ndiyo maana nataka kuijibu kwa kisa na si kwa maneno matupu.

Aprili mwaka huohuo wezi waliingia kwetu. Waliruka ukuta wa nyuma, wakachukua mtungi wa gesi na baiskeli ya Baba. Simba alibweka wakati wote huo. Alibweka kwa nguvu zake zote, maskini, alifanya kazi aliyoletewa. Hakuna aliyeamka. Baba alisema asubuhi, "Nilimsikia, lakini nilidhani ni ile kawaida yake." Majirani pia walimsikia wakadhani ni ile kawaida yake. Mwizi akikaa usiku mmoja tu mtaani kwetu anajua kwamba mbwa wa nyumba ile anabwekea hata upepo, na kwamba mwenye nyumba hatoki. Basi usalama uko wapi? Kubweka ni ujumbe. Mbwa akibweka anamwambia mwenyewe, njoo uone. Mwenyewe asipokuja kuona kwa miaka minne, ujumbe ule unabaki kelele tu, kama Baba alivyosema.

Na kwa nini anabweka? Hapa nimesoma kidogo na kumuuliza mwalimu wetu wa bayolojia. Sikio la mbwa husikia sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii. Binadamu huishia kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, mbwa hupita 40,000. Kwa hivyo usiseme anabwekea bure. Zaidi ya hayo, mbwa ni mnyama wa kundi. Mbwa aliyefungwa peke yake siku nzima, bila kutembezwa wala kuzungumziwa, hubweka kwa upweke, kwa woga, kwa njaa, au kwa kukosa tu la kufanya. Ukimtupia jiwe anyamaze unamwongezea woga, naye ataubwekea huo woga. Sisi tulikuwa tukimrushia Simba kandambili kupitia dirishani. Nasema ukweli wote, maana nikijificha hapa nitakuwa nimeandika upuzi.

Basi baada ya Naivasha nilimwendea Baba. Nilimweleza habari za kambi, nikamweleza na habari za dirisha langu. Alicheka, lakini nilimwona ameguswa. Akasema mwisho wa mwezi atanunua waya mrefu aufunge toka ukuta hadi ukuta ili mnyororo uteleze juu yake, mbwa apate kutembea. Mwisho wa mwezi ulipofika kukawa na karo. Mimi nami ningeweza kumtembeza jioni, dakika ishirini tu, wala hilo halihitaji pesa. Jumatatu nilikuwa na kazi ya ziada, Jumanne mvua, Jumatano sikumbuki nilikuwa na nini.

Wiki ya tatu ya Septemba, asubuhi, mdogo wangu wa darasa la pili alitoka nje kupiga mswaki akarudi akipiga mayowe. Simba alikuwa amelala ubavu, miguu imekakamaa, povu mdomoni. Kando yake palikuwa na kipande cha nyama mbichi ambacho si cha kwetu.

Mama aliutazama ukuta wa Sista. Sote tuliutazama. Lakini Sista alikuwa zamu ya usiku, na alipokuwa akiingia mtaani asubuhi hiyo alisikia kilio, akaja moja kwa moja na sare yake. Hakusema neno lolote kuhusu kelele. Angesema ingekuwa afadhali. Alituambia tusiiguse ile nyama kwa mikono, akamvuta mdogo wangu kando, akauliza maswali mawili: "Mbwa alichanjwa kichaa? Na kuna mtu amemwuma siku za karibuni?"

Kimya. Miaka minne, sindano hata moja. Ndipo mdogo wangu akanyosha mkono. Siku nne nyuma alikuwa akicheza naye, Simba akamparura kidole kwa jino. Alikuwa ameficha asichapwe.

Wasomaji, povu mdomoni mwa mbwa asiye na chanjo si jambo la kufanyia mzaha. Daktari wa mifugo alikuja akasema dalili zote ni za sumu, lakini Sista alikataa tucheze kamari na mtoto. Kidonda kilioshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano kamili, akiangalia saa, kisha safari ya hospitali. Mdogo wangu alidungwa sindano kadhaa kwa siku zilizopangwa, na Baba akalipia. Pesa zile zingenunua waya wa kutosha kuuzungusha mtaa mzima, na chanjo ya Simba ya maisha yake yote.

Kichaa cha mbwa kinajulikana Kenya tangu 1912, mbwa mmoja wa viungani mwa Nairobi alipogunduliwa kuwa nacho. Chanjo ya kwanza kwa binadamu ilitolewa na Louis Pasteur kule Ufaransa mwaka 1885. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na kati ya kila kumi wanne ni watoto wasiofika miaka kumi na mitano. Dalili zikishamtokea mtu, ni nadra mno kupona. Serikali yetu ilitoa mpango mwaka 2014 wa kuumaliza ugonjwa huu kwa watu ifikapo 2030, na njia yenyewe ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila mia. Sasa hao 70 watatoka wapi ikiwa kila mwenye nyumba anajiambia, wangu haumi?

Aliyeweka sumu hatukumjua hadi leo. Nataka kusema wazi kwamba alitenda uovu. Nyama ile angeweza kuiokota mdogo wangu, au paka, au mbwa wa mtu mwingine asiyehusika. Tena sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, haimruhusu mtu kumtesa mnyama kwa sababu amechoka naye. Ukisumbuliwa na mbwa wa jirani, nenda umwambie jirani. Asiposikia, nenda kwa mzee wa mtaa, kwa chifu, kwa maafisa wa kaunti. Kanuni za kelele zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinakataza mtu kusababisha kelele zisizo za lazima zinazowaondolea wengine utulivu. Mahali pa makazi kiwango cha usiku ni desibeli 35, na usiku huhesabiwa kuanzia saa mbili za jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mbwa mkubwa akibweka karibu nawe hupita 80. Kwa hivyo haki unayo, huhitaji sumu.

Lakini mgala muue na haki umpe. Mtaani walisema, "Aliyemwua Simba ni katili." Ni kweli. Ila yule katili alitumia usiku mmoja, na sisi tulikuwa na miaka minne. Mnyama aliyekaa kwenye mita moja na nusu akilishwa kwa bahati alikuwa na bwana gani? Mimi nililia siku mbili, na nililia zaidi kwa sababu ya zile Jumatatu, Jumanne na Jumatano.

Sasa turudi kambini, maana najua baadhi yenu mnajiuliza kama nataka mbwa wasipelekwe popote. La hasha. Mbwa hupenda safari kuliko mtu. Lakini kuna mahali hawapaswi kuingia kabisa. Katika mbuga za taifa kipenzi cha nyumbani hakiruhusiwi, wala si kwa roho mbaya ya askari wa langoni. Mwaka 1994 virusi vya ugonjwa uitwao distempa viliua takriban simba 1,000 katika eneo la Serengeti na Maasai Mara, thuluthi moja ya simba wote waliokuwako huko. Wataalamu waliwatazama mbwa wa vijiji vilivyozunguka mbuga, wasiochanjwa, kama chanzo. Simba wa kweli hao, si Simba wetu wa kigingini. Mtu aliyeacha kumchanja mbwa wake hakujua kwamba anahesabika katika habari za simba.

Kwenye kambi za watu binafsi zinazokubali mbwa, mwenye mbwa na ajiulize swali moja kabla hajapakia: nikienda kula, huyu atabaki na nani? Kama hakuna wa kubaki naye, basi ama wale kwa zamu, ama wale pale pale, ama mbwa abaki nyumbani na mtu anayemjua. Mchana amtembeze mpaka achoke. Usiku alale naye hemani au ndani ya gari, si nje chini ya mti ambako kila kiboko na kila tochi ni adui mpya. Kinyesi chake kiokotwe, maana kesho hapo patalala watoto wa shule. Na majirani wakija na tochi saa sita, jibu lisiwe juu ya meno. Kama mbwa hatulii kabisa, wafunge virago asubuhi. Najua ni vigumu ukishalipa. Sisi pia tulikuwa tumelipa, tena kwa njugu karanga.

Desemba tulipata mbwa mwingine, jike, tunamwita Popi. Baba hakutaka, Mama hakutaka. Nilipewa masharti, nami nikampa Baba masharti yangu, akakubali, nikashangaa. Kibanda chake kiko upande wa mbele, mbali na ukuta wa Sista. Mchana anafungwa kwenye ule waya mrefu, ambao hatimaye ulinunuliwa, na usiku milango ya ua ikishafungwa anaachwa huru. Anakula saa kumi na mbili jioni, kipo kilichobaki au hakipo. Ana kadi ya chanjo, imewekwa pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Mimi na mdogo wangu tunamtembeza kabla ya kazi ya ziada. Akibweka usiku, mtu lazima atoke aone. Kama hakuna kitu tunamwambia "basi" kwa sauti ya kawaida, akinyamaza anapigwapigwa mgongoni. Wiki za kwanza Baba alitoka mara sita usiku mmoja, akasema maneno ambayo mhariri hawezi kuyachapisha. Siku hizi ni mara moja kwa wiki, pengine mbili.

Ila masikio yetu siyaamini tena. Yalishatudanganya miaka minne. Kwa hivyo nilimwendea Sista nikamwomba kitu: kila Jumamosi aniambie Popi amemwamsha mara ngapi. Alinitazama kwa muda, akasema, "Sawa, mwanangu, lakini nitakuambia ukweli." Nina daftari. Jumamosi iliyopita aliniambia Jumanne, saa tisa usiku, kama dakika tano. Mimi nilikuwa nimelala fofofo, sikusikia kitu, na Baba vilevile. Nimeiandika.